Chapa ya sikio imekataa? Anza kutafuta hapa

Anayevaa kifaa cha usikivu cha nyuma ya sikio anahitaji moldi, kile kipande kinachokaa ndani ya sikio na kuunganishwa na kifaa kwa mrija. Moldi hutengenezwa kwa kufuata chapa: silikoni laini inasukumwa sikioni, inaganda kwa umbo la sikio lenyewe, inatolewa, inapelekwa maabara. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Matatizo yake ndiyo hayaishi, na ukikaa mezani kwa muda utaona ni yaleyale: kifaa kinapiga mluzi, moldi inauma, moldi inachomoka, chapa ina tundu, silikoni imekataa kuganda.

Mwongozo huu umefuata dalili. Sehemu ya kwanza ni ya wanaochukua chapa: wauguzi wa kliniki za masikio na mafundi sanifu wa usikivu, hasa walio Dodoma na wilaya zake, ambako mteja ametoka Kondoa au Mpwapwa na kumwambia arudi wiki ijayo si jambo dogo. Sehemu ya pili, kuanzia mluzi, hata mzazi au mvaaji mwenyewe anaweza kuifuata nyumbani. Msimamo wangu niuseme mapema: kabla hujalaumu maabara, itazame chapa, na kabla hujalaumu chapa, litazame sikio. Maabara hutengeneza ilichotumiwa.

Na onyo kabla ya yote. Kuchukua chapa si kazi ya kujifanyia nyumbani. Kuna pakiti zinazouzwa mtandaoni, na kuna watu wanaoulizia silikoni ya duka la vifaa vya ujenzi, ile ya kuzibia vioo na sinki. Ile ikiingia sikioni inaunguza ngozi, inashika, na huwezi kujua imefika wapi. Isiguse sikio la mtu.

Masikio ya kuacha kwanza

Otoskopu, kile kifaa chenye taa cha kutazamia ndani ya sikio, inatangulia kila mara, na unatazama masikio yote mawili hata kama unachukua chapa ya moja. Kwa mtu mzima vuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke. Kwa mtoto mdogo vuta chini na nyuma. Unataka kuiona ngoma ya sikio. Usipoiona, hujui unachosukumia silikoni.

Kopo la silikoni lisifunguliwe ukikuta usaha au majimaji yenye harufu, damu, ngozi nyekundu iliyovimba, ngoma yenye tundu au yenye kimrija kilichowekwa na daktari, nta iliyoziba njia, au kitu kigeni. Vilevile sikio lililowahi kufanyiwa upasuaji, hasa wa mfupa wa nyuma ya sikio, maana ndani yake kunaweza kuwa na uwazi mpana kuliko mlango wake. Silikoni ikijaa mle na kuganda, haitoki ilikoingilia. Masikio ya namna hii wakati mwingine huhitaji moldi vilevile, lakini chapa yake huchukuliwa daktari wa masikio, pua na koo akiwa amekubali na akiwa karibu. Kwa Dodoma mjini, hiyo ina maana ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wenyeji bado wanaiita General, au Benjamin Mkapa kule upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM).

Kitu kigeni kwa watoto huwa ni punje ya mahindi, harage, shanga, kipande cha penseli. Harage lisisukumwe kwa maji, litavimba humohumo. Kikiwa ni betri ndogo ya duara, ya saa au ya kifaa chenyewe cha usikivu, hilo ni la kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Betri huunguza ngozi ndani ya saa chache, na maji au matone ya dawa huzidisha kuungua.

Halafu uliza. Kiangazi cha Dodoma ni vumbi na upepo, masikio yanawasha, na watu wanayakuna. Ukimuuliza mzee "Unatumia vijiti vya pamba?" atasema hapana, na atakuwa amesema kweli. Muulize hivi: "Babu, sikio likiwasha unalikuna na nini?" Hapo utasikia unyoya wa kuku, njiti ya kiberiti, ufunguo, au matone ya mafuta ya taa aliyoelekezwa na jirani. Ngozi ya ndani ya njia ya sikio, ile inayolala juu ya mfupa, ni nyembamba mno. Mkwaruzo wa juzi unaweza kutoa damu leo wakati wa kutoa chapa. Mwenye kisukari au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwangalie mara mbili. Mwenye kisukari akitoka na kidonda sikioni asiambiwe kitapona chenyewe. Aende kwa daktari.

Kama nta imesafishwa kwa maji asubuhi, usichukue chapa sikio likiwa bado limelowa. Ngoja likauke.

Silikoni haigandi, au imeganda kabla hujamaliza

Isipoganda, au ikabaki inanata, sababu ya kwanza ni vipimo. Silikoni nyingi za sikio huchanganywa sehemu mbili zinazolingana, na kijiko kimoja kikijazwa kwa mlima na kingine kikasawazishwa, tayari umekosea. Sababu ya pili ni kuchanganya nusunusu: kanda kwa sekunde 20 hadi 30 mpaka rangi iwe moja isiyo na mistari. Ya tatu huwasumbua watu wengi bila wao kujua, nayo ni glavu za lateksi. Salfa iliyomo kwenye lateksi huzuia aina nyingi za silikoni kuganda, na hata mikono iliyovua lateksi dakika moja iliyopita bado inayo. Tumia glavu za nitraili au osha mikono vizuri. Baada ya hapo tazama tarehe ya kuisha muda, na tazama kama vifuniko au vijiko vya makopo mawili havikubadilishana. Ukikuta ukoko mgumu kwenye mdomo wa kopo, ujue vimebadilishana.

Ikiwahi kuganda, mshukiwa ni joto. Oktoba na Novemba, saa nane mchana, kwenye chumba cha bati kisicho na feni, silikoni iliyoandikiwa dakika tano haikupi dakika hizo. Panga chapa ziwe za asubuhi, weka makopo mahali pa baridi na kivuli, mbali na dirisha. Friji ya chanjo si mahali pake, na silikoni iliyotoka kwenye baridi kali isiende moja kwa moja sikioni, kwa sababu kitu cha baridi kikigusa ndani huko kinaweza kuleta kizunguzungu. Juni na Julai mambo hugeuka. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, asubuhi zake za kipupwe ni baridi, na silikoni inachelewa. Wengi huitoa chapa ikiwa bado laini kwa sababu saa inasema muda umefika. Usiamini saa. Bakiza kidonge cha mchanganyiko uleule mezani, kibonyeze kwa ukucha: alama ikibaki, subiri, alama ikifutika na kurudi kama mwanzo, chapa iko tayari.

Silikoni iliyokataa kuganda ikiwa tayari sikioni, usiikorofishe kwa koleo. Ipe muda zaidi. Ikibaki ujiuji, toa inayotoka polepole pamoja na kizibo, kile kipande cha sponji chenye uzi kinachotangulia ndani ya njia ili silikoni isifike kwenye ngoma, kisha tazama kwa otoskopu. Ikiwa imebaki ndani, mpeleke kwa daktari, usichokonoe.

Chapa ina tundu, mkunjo, au ncha iliyonyauka

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na karibu kila mara kosa liko kwenye mkono unaoshika bomba.

Ncha ya bomba la sindano inaingia ndani ya njia ya sikio mpaka karibu na kizibo cha sponji. Unaanza kusukuma, *unangoja*, silikoni inajaa na kurudi nyuma mpaka izame ncha ya bomba, ndipo unaanza kutoka taratibu. Ncha ibaki imefukiwa kwenye silikoni muda wote. Ukiitoa ncha hewani kisha ukairudisha, umefungia hewa katikati, na hewa hiyo ndiyo tundu utakaloliona baadaye. Ukiacha kusukuma kidogo ili kupumzisha kidole, pale uliposimama patakuwa na mkunjo, mstari unaozunguka chapa pale ambapo silikoni ya pili haikuungana na ya kwanza. Njia ikishajaa, jaza bakuli la sikio, ule uwazi mpana ulio mlangoni mwa njia, panda juu mpaka kwenye kijikunjo cha ukingo wa juu, rudi, maliza. Mkono mmoja unasukuma. Mwingine unavuta sikio juu na nyuma wakati wa kujaza njia, kisha unaliachia lilale kawaida.

Baada ya hapo, mikono chini. Tabia ya kubonyeza silikoni kwa kidole gumba ili "ikae vizuri" ndiyo inayozaa moldi zinazobana. Ukibonyeza, unatanua sikio laini na kupeleka maabara umbo la sikio lililotanuliwa.

Sababu nyingine za matundu zinafuata kwa mbali: kuchanganya kwa kukanda kwa fujo mpaka hewa ikaingia, kupakia bomba kwa vidonge viwili badala ya kimoja, na nywele. Wazee wanaume wana nywele ngumu mlangoni mwa sikio. Zilizo nje zipunguze kwa mkasi mdogo wenye ncha butu, kwa ruhusa yake. Zilizo ndani zilaze kwa kilainishi kidogo sana. Kilainishi kikizidi kinatengeneza mabonde kwenye chapa.

Na wazee wa Kigogo waliotanuliwa ndewe tangu ujana wasikutie wasiwasi. Moldi inashika kwenye bakuli la sikio na njia, haihusiani na ndewe. Hakikisha tu ndewe iliyoning'inia haivutwi na mkono wako wala na bega la shati wakati silikoni inaganda, kwa sababu ikivutwa, mlango wa njia unavutika nayo.

Sasa swali la ipi ikubalike na ipi irudiwe. Tundu dogo upande wa nje, unaotazama hewani na usiogusa ngozi, halina neno. Tundu au mkunjo kwenye shingo ya njia, kwenye bakuli, au pale ambapo kijikunjo cha juu kinapaswa kuonekana, rudia. Wapo wanaoziba tundu kwa silikoni mpya au nta ya meno kisha wanatuma. Hilo silikubali. Ukiziba, unakisia sikio lilivyo, na kisio lako litachongwa kwa akriliki, plastiki ngumu, na kuvaliwa na mtu miaka. Dakika kumi za kurudia leo, mteja akiwa bado kwenye kiti, ni nafuu kuliko basi la kutoka Kondoa mara ya pili, kama kilomita 160 kwenda na nyingine kama hizo kurudi.

Kabla ya kurudia, tazama sikio tena. Likiwa jekundu au linauma, liache lipumzike. Chapa tatu mfululizo kwenye sikio moja hazina faida; kama mbili zimekataa, mwite mwenzako ajaribu siku nyingine.

Chapa ni fupi

Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa kama sentimita mbili na nusu, na ina kona mbili kabla ya kufika kwenye ngoma. Ishike chapa kwa gumba na kidole cha shahada, ncha ikitazama juu, uigeuze taratibu dirishani. Unapaswa kuona inapinda, kisha inapinda tena kuelekea upande mwingine, na baada ya pindo la pili iendelee milimita kadhaa. Ukiona pindo moja tu kisha ncha, chapa ni fupi, na moldi yake itapiga mluzi hata kabla mvaaji hajatoka mlangoni mwa kliniki.

Sababu kubwa ni woga. Kizibo kimewekwa mlangoni kwa sababu mteja alishtuka kidogo. Sababu ya pili ni kizibo kikubwa mno ambacho kimekwama kwenye kona ya kwanza. Chagua kinachojaa njia bila kulazimishwa, kisukume polepole kwa kalamu ya taa, mkono ukiegemezwa kwenye shavu la mteja ili akisogea kichwa mkono uende naye. Kisha rudisha otoskopu uone: kizibo kimepita kona ya pili? Kimezunguka ukuta wote? Penye mwanya wa mwezi mwandamo juu ya kizibo, silikoni itapita hapo kuelekea kwenye ngoma. Kizibo kidogo mno ni hatari kuliko kikubwa mno.

Uzi wa kizibo upite chini ya njia na utokeze nje. Usitumie pamba ya kawaida iliyoviringishwa bila uzi.

Mteja anakohoa, anaona kizunguzungu, anasema inauma

Kikohozi wakati kizibo kinaingia ni cha kawaida kwa baadhi ya watu. Kuna tawi la mshipa wa fahamu unaohusika na koo linalopita kwenye ngozi ya njia ya sikio. Ukiligusa, mtu anakohoa. Simama, acha atulie, endelea taratibu zaidi. Wachache wanaishiwa nguvu kabisa, jasho linatoka na uso unafifia. Mlaze, miguu juu, na chapa ya siku hiyo imeishia hapo.

Kizunguzungu kidogo kinaweza kuletwa na silikoni ya baridi au na kusukuma kwa nguvu. Kikipita ndani ya dakika moja, hakina shida.

Maumivu ni hadithi nyingine. Kujaa na kubanwa ni kawaida, na umwambie mapema. Maumivu makali ya ghafla wakati unasukuma si kawaida. Acha kusukuma papo hapo. Maumivu makali pamoja na kizunguzungu kisichoisha, damu, au kusikia kulikoshuka ghafla yanaweza kumaanisha silikoni imepita kizibo na imefika kwenye ngoma au imepenya. Usivute chapa. Usivute uzi. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo ikiwa humohumo. Silikoni iliyoingia nyuma ya ngoma hutolewa kwa upasuaji, na kila mvuto wa pupa unaweza kung'oa vijifupa vya kusikia.

Jambo moja ambalo linasahaulika: mteja wako hasikii vizuri, na wewe umemzibia sikio. Ukishaweka silikoni, maneno yako hayafiki. Mkubaliane kwa ishara kabla, mkono juu maana yake inauma. Bibi anayeitikia "eeh" kwa kila unachosema huenda hajasikia hata neno moja tangu alipoketi. Mwonyeshe kwa vitendo, naye akuonyeshe.

Chapa haitoki

Mara nyingi ni hewa tu, imevutwa nyuma ya kizibo na kushika. Mwambie afungue na kufunga mdomo mara kadhaa, apige mwayo, wewe ukivuta sikio juu na nyuma, kisha mbele. Utasikia au kuhisi hewa inaingia. Anza kutoa kwa juu, kwenye kijikunjo cha ukingo, kisha zungusha chapa kuelekea puani huku ikitoka. Uzi si kamba ya kuvutia. Ukiuvuta peke yake unakatika au unatoka na kizibo kikabaki.

Ikikataa, matone mawili ya kilainishi pembeni, subiri, rudia. Ikikataa tena au ikianza kuuma, simama, mpeleke kwa daktari. Ikitoka, hesabu: kizibo kimo kwenye ncha? Ncha haikukatika? Kisha otoskopu tena. Anayeruka hatua hii ndiye anayeacha vizibo ndani ya masikio ya watu.

Chapa ilikuwa safi, moldi imerudi haifanani na sikio

Kwanza tazama pande. Nyekundu ni kulia, bluu ni kushoto, kila mahali duniani, na bado lebo hubadilishana. Pili, usafirishaji. Chapa iliyofungwa kwa pamba na raba hufika imekunjwa. Igundishe kwenye sakafu ya kiboksi kigumu, isiguswe na kitu juu, na uandike kwenye fomu aina ya moldi na shida ya sikio. Zile za unga na majimaji, aina ya zamani, hazivumilii joto na hunyauka; zisipande basi la Dar es Salaam zikikaa karibu na injini. Silikoni huvumilia zaidi. Siku hizi kama una skana, chapa inabaki kwako na faili linakwenda kwa intaneti, na ubishi wa njiani unaisha.

Kifaa kinapiga mluzi

Hapa mzazi anaweza kuanza mwenyewe. Sababu inayoongoza ni moldi kutovaliwa sawasawa: kile kimkia cha juu kimebaki nje ya kijikunjo cha sikio. Kibonyeze kiingie. Mluzi ukikata, umemaliza.

Ukiendelea, bonyeza moldi taratibu kwa kidole kuelekea ndani. Ukikata ukiwa umebonyeza na kurudi ukiachia, moldi imelegea. Kwa mtoto hilo ni la kutarajiwa; masikio yanakua. Mtoto mchanga anaweza kuhitaji moldi mpya kila baada ya miezi michache, na kupunguza sauti ya kifaa ili kunyamazisha mluzi si dawa, kwa sababu unamnyima mtoto maneno aliyovalishwa kifaa ayasikie.

Kubonyeza kusipobadilisha kitu, vua moldi pamoja na kifaa kikiwa kimewashwa, ziba kwa kidole gumba tundu la ncha linalotoa sauti. Mluzi ukinyamaza, mrija na kifaa ni vizima. Tatizo ni jinsi moldi inavyokaa, au ni nta iliyojaa sikioni inayorudisha sauti. Mluzi ukiendelea na tundu limezibwa, mrija umepasuka au kifaa kina shida. Tazama mrija pale unapoingia kwenye moldi na pale unapoungana na kifaa. Mrija uliogeuka njano na kukakamaa, badilisha. Hali ya hewa kavu haiusaidii, na miezi mitatu hadi sita ni umri wa kutosha. Fundi anaubadilisha kwa dakika chache.

Inauma, au inachomoka wakati wa kula

Maumivu ya siku za mwanzo, tazama tena kimkia cha juu. Kama kimekaa vizuri na bado pana doa jekundu, vua, usivumilie. Rudi kwa fundi moldi ikiwa mkononi na doa likiwa bado linaonekana; akilitafuta kwa kukisia baada ya wiki mbili atapunguza pasipohusika. Wembe, msasa na kiberiti cha nyumbani visiiguse. Nyama ikivimba au kutoa maji, ni kwa daktari kabla ya fundi.

Inayochomoka mtu akitafuna mara nyingi ilichukuliwa chapa mdomo ukiwa umefungwa. Kiungo cha taya kiko mbele tu ya njia ya sikio, na taya likishuka, njia inatanuka kwa baadhi ya watu zaidi ya wengine. Unaweza kuijua kabla: weka kidole cha shahada mlangoni mwa sikio la mteja, mwambie atafune hewa. Ukihisi ukuta unatembea sana, chukua chapa akiwa ameuma kipande cha sponji au kibanio, mdomo wazi. Na yule asiye na meno, aliyeweka meno ya bandia pembeni kwa aibu, mwambie ayavae kwanza. Bila meno yake taya linakaa pengine kabisa.

"Najisikia kama nipo ndani ya tangi"

Sauti ya mwenyewe inavuma kichwani kwa sababu moldi imeziba na sauti haina pa kutokea. Kwa anayesikia vizuri sauti nzito, tundu la hewa kwenye moldi, au kulipanua lililopo, husaidia sana. Kwa mwenye upungufu mkubwa wa kusikia, tundu hilo litaleta mluzi, kwa hiyo uamuzi ni wa mtaalamu mwenye karatasi ya kipimo mkononi. Lakini tazama kwanza kama sikio halina nta, na kama malalamiko si ya wiki ya kwanza tu.

Sikio linawasha, moldi inanuka

Mara nyingi ni usafi. Tenganisha moldi na kifaa, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, puliza mrija mpaka maji yaishe, ikauke usiku kucha. Spiriti na dawa kali za kusafishia hukausha na kupasua moldi laini. Kifaa chenyewe hakioshwi kamwe.

Muwasho ukiendelea na sikio linatoa maji au ukungu mweupe au mweusi, vua moldi na muone daktari. Fangasi hupenda sikio lililozibwa. Sikio likiwa kavu na safi lakini ngozi imekuwa nyekundu kwa umbo lilelile la moldi, huenda ngozi ya mvaaji inaikataa akriliki. Fundi aandike hivyo kwenye fomu na kuagiza moldi ya silikoni, na chapa ya zamani kama ipo na haijakunjika itumike, mteja asisumbuliwe tena.

Kifaa kikinyamaza ghafla asubuhi za kipupwe, kabla ya kubadilisha betri itazame mrija dhidi ya mwanga. Tone dogo la maji, mvuke wa sikio uliopoa ukawa maji, linatosha kuziba sauti yote. Vua, tenganisha mrija na kifaa, puliza, vaa.